Maharagi Saba ya Kupimia Watu

Mimi niliacha shule darasa la tatu. Sikufukuzwa. Mwalimu alinitazama, nami nikamtazama, tukaelewana. Leo watu wenye diplome wanakuja kwenye depo yangu hapa Mweso, wanaketi juu ya gunia la maharagi, wanavua kofia na kuniambia: Papa, nimepotea, nisaidie. Hawajapotea njia, maana barabara ya Kitshanga iko palepale mlangoni. Wamepoteza kitu kingine, na wa kukitafuta njo mimi, ndiye mimi. Nasema hivyo bila haya. Mtu aliyejijenga kwa mabega yake mwenyewe, halafu akajifanya mdogo mbele ya watu, huyo ni mwongo.

Na niliposema mabega, sikusema kwa mfano. Nilishuka kutoka upande wa Butembo kijana mwenye shati moja. Nikasukuma chukudu, baiskeli ile ya mbao ya kubebea mizigo, kati ya Sake na Goma, viazi juu, makaa juu ya viazi, hadi bega la kulia likaota nundu ambayo iko hadi leo, mke wangu anaijua. Kutoka hapo nikapanda kamyo za barabara ya Walikale. Sikupanda kama abiria, nilipanda kama mpakiaji. Mpakiaji analala juu ya mizigo, anakula juu ya mizigo, na kamyo ikikwama, yeye njo anaanza kazi.

Nayo ilikwama. Karibu na Kibua kulikuwa na shimo la matope tulilolipa jina la Hoteli, kwa sababu kila kamyo ililala pale siku nne, siku tano. Dereva alikuwa anazima injini, anawasha sigara, anasema neno moja tu: "Shusheni." Hapo kelele zilianza. Kila mwenye mzigo alitaka wa mwenzake ushuke kwanza. Wenzangu wapakiaji waliona karaha. Mimi niliona kama sinema. Kulikuwa na bwana mmoja aliyelitaja jina la Mungu tangu Goma hadi Kibua, lakini kamyo ilipoinama alikumbatia kreti ya bia kwanza, Biblia akaiacha ielee. Kulikuwa na mama aliyeacha magunia mawili ya nguo yashushwe kwenye tope bila kusema neno, halafu akapigana nasi, akapigana kweli, kwa sababu ya jiwe. Jiwe la kusagia. Nikamuuliza, mama, mawe yamejaa barabarani, hili lina nini? Akasema, "Hili lilimsikia mama yangu akiimba." Nikalibeba mimi mwenyewe kichwani hadi ng'ambo.

Tangu siku hiyo nikashikwa na udadisi ambao haujanitoka. Nilitaka kujua kila mtu ana jiwe gani. Maana ukimuuliza mtu anapenda nini, atakupa hotuba. Mwambie ashushe mzigo, utajua.

Miaka ikapita, nikapata kamyo yangu, nikapata depo, nikawa mnunuzi wa maharagi. Vita nayo ikaja, ikaondoka, ikarudi na wajomba zake. Mweso ikajaa watu waliokimbia milimani, mahema ya bashi, turubai nyeupe, yakapanda hadi nyuma ya hospitali. Na session, mafunzo ya mashirika, zikaja nyingi kuliko sabuni. Moja ilifanyika kwenye sala ya parokia, ukumbi ule wa mikutano, nami nikaalikwa kama mtu mkubwa wa mahali. Mwalimu alitoka mjini na karatasi pana ya kubandika ukutani. Akasema kila mtu ana misingi moyoni mwake, mambo machache yanayomwongoza. Asiyeijua misingi yake, vita inamburuta kama jani. Neno hilo nililipenda. Nalipenda hadi leo, lilikuwa kweli tupu. Lakini baada ya kulisema akagawa karatasi yenye maneno arobaini ya Kifaransa, eti kila mtu azungushie duara yaliyo yake.

Mama aliyeketi karibu nami akaniinamia. "Papa, hii ya tano inasema nini?"

"Sijui, Mama. Lakini iko ndefu. Lazima iko muzuri."

Akaizungushia duara.

Nikainua mkono. Nikasema, "Bwana mwalimu, kamyo ikikwama, karatasi hii inamsaidiaje mtu?" Sala nzima ikacheka, yeye hakucheka. Nikarudi nyumbani nikijua kwamba alichokuwa nacho ni neno zuri, chombo hakuwa nacho. Chombo nitakileta mimi.

Hapo mjue kwanza jinsi depo yangu inavyofanya kazi. Maharagi ya Masisi yanashuka kutoka milimani yamechanganyika: mekundu, meusi, ya manjano, yenye madoa kama yai la kware, yote katika gunia moja. Mteja wa Goma hataki hivyo, anataka manjano na manjano. Kwa hiyo kwangu wanaketi mama watano juu ya mkeka wakichambua kutwa, kila rangi na beseni yake. Mimi siku zote niliamini kwamba watu wa milima wanachanganya kwa uvivu. Likumbukeni neno hilo, maana litanirudia.

Nikachukua mbegu saba, kila moja rangi yake. Mtu akija na shida ya maisha, namweka juu ya gunia, nampa zile saba kiganjani. Namwambia, kila moja uipe jina la kitu usichoweza kuishi bila hicho. Akimaliza namwambia, haya, kamyo imekwama, shusha moja. Anatupa. Kamyo bado, shusha nyingine. Hadi ibaki moja. Iliyobaki njo wewe, nenda nyumbani ukaishi nayo.

Wa kwanza alikuwa motari mmoja, mtu mzima wa miaka thelathini, aliyekuwa anataka kuacha kubeba watu kwa moto, pikipiki yake, aende kuchimba madini Walikale. Saba zake zilikuwa mke, moto, kanisa, mama yake, jina lake, timu yake ya mpira, na pombe. "Usinicheke, Papa." Sikucheka. Timu ilikwenda ya tatu, pombe ya nne, na mke, samahani, wa tano. Zilipobaki moto na mama yake, jasho lilimtoka kama mtu anayesukuma chukudu mlimani. Mwisho akatupa moto. Akaitazama mbegu iliyobaki muda mrefu, nyekundu, nene. Walikale hakwenda. Alifungua mahali pa kuziba matairi mbele ya nyumba ya mama yake, na hadi leo anaziba.

Habari ikaenea. Wakaja walimu, wakaja wauguzi, akaja hata katekista mmoja aliyebaki na kitu ambacho niliapa kutokisema. Niliona ajabu kila mara. Mtu mkali alibaki na mbegu ya huruma. Mtu mpole alibaki na mbegu ya kisasi, tukaketi hapo, yeye na mimi, tukiitazama.

Halafu kuku wa jirani akaingia depo akazimeza zote saba. Mkubwa wa wachambuaji wangu, mama mwenye ulimi wa wembe, akapiga makofi. "Papa, kuku amemeza ndoa na kanisa ya watu! Atataga mayai ya ubatizo!" Nikamfukuza kuku. Nikainama kwenye gunia lililokuwa wazi mlangoni, ambalo lilikuwa bado halijachambuliwa, nikachagua saba nyingine. Sikujua kwamba kuku yule ananifanyia kazi.

Kesho yake akaja Mama mmoja kutoka kwenye mahema. Alikuwa mjane, watoto watatu, mtu wa kilima kilicho juu kuelekea magharibi, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Aliketi kwenye gunia kwa adabu, akakunja kitenge magotini. Shida yake niliijua kabla hajafungua kinywa, nitasema baadaye niliijuaje.

"Papa," akasema, "siku ya Mungu, kisha misa, familia ya bwana yangu inaketi. Shemeji yangu, mudogo wa marehemu, anataka kuuzisha shamba yetu. Iko muntu wa ng'ombe anaitaka ikuwe majani ya ng'ombe zake. Lakini haiwezi kuuzwa bila mimi kusema ndiyo, juu ya hawa watoto."

"Na wewe unasema nini?"

"Shemeji anasema shamba imekufa. Eti kule kilimani hakuna muntu, tangu tukimbie kabla ya kupanda hakuna jembe iligusa udongo. Mama mukwe alikataa kutoka na sisi. Shemeji anasema alienda kwa ndugu zake Kibua. Kwa hiyo ninakatalia nini? Ninakatalia majani." Akakikunja kitenge upya. "Papa, mie sikuji kuuliza niuze ao nisiuze. Ninataka kujua kama kukataa kwangu iko akili, ao iko kichwa ngumu tu. Hiyo njo inaninyima usingizi."

Nilikuwa nimesikia maswali mengi juu ya gunia lile. Hilo lilikuwa kubwa kuliko yote, na lilitoka kwa mtu ambaye hajazungushia neno lolote duara.

Sasa niseme nilivyoijua habari yake. Mwenye ng'ombe aliyetaka shamba lile alikuwa mteja wangu. Kila Jumanne kamyo yangu ilibeba fromaji zake, jibini lile la Masisi la mviringo, hadi Goma. Siku mbili kabla alikuwa amesimama mlangoni kwangu akaniambia, "Papa, nasikia watu wanakusikiliza. Kuna mama mmoja wa mahema. Akija, msaidie kuona." Sikuona ubaya. Mimi mwenyewe niliacha shamba la baba yangu nikawa mtu. Kwa nini mama huyu asiuze, akaanzisha biashara, akawa mtu pia? Nilijiambia kwamba nitampa mbegu na mbegu zitasema. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua zitasema nini.

Nikampa saba kiganjani. "Zipe majina, Mama."

Akazitazama. Akazigeuza kwa kidole gumba. "Papa, ziko na majina tayari."

"Majina yako wewe. Mambo usiyoweza kuishi bila hayo."

"Njo hayo nasema." Akainua ya manjano. "Hii inaiva mbele ya zingine, wakati njaa iko mulangoni. Hii nyekundu inavumilia mvua mingi. Hii ya madoa inavumilia jua. Hii inapanda juu ya muhindi, haiombe nafasi. Hii majani yake njo tamu kama mboga. Hii nyeupe iko ya wageni."

Wachambuaji walikuwa wameacha kuchambua. Nikakohoa. "Vema. Sasa kamyo imekwama. Tupa moja."

"Ya nini?"

"Kamyo imekwama, Mama. Mchezo njo hivyo."

"Nitupe ya mvua? Na mvua ikizidi? Nitupe ya jua? Na jua ikikuja?" Akanitazama kwa huruma, kama ninavyowatazama watu mimi. "Papa, sisi tunapanda zote pamoja kwa shimo zile zile. Mungu akikataa moja, ingine inabaki. Ninyi watu wa Butembo munauzisha ata kivuli chenu, lakini munakichambua kwanza!"

Mkubwa wa wachambuaji akaanguka kwenye mkeka kwa kicheko. "Amekupata, Papa! Amekupata mbele ya watu!"

Nilitaka kukasirika, udadisi ukanizuia. Miaka kumi na mitano nanunua maharagi, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwa nini yanachanganywa. Wala mimi sikuwahi kuuliza. Nilikuwa bado nalitafuna hilo nilipoona kwamba Mama ameinamia kiganja chake. Alikuwa ameshika mbegu ya saba, ile ambayo hakuitaja. Nyeusi, ndogo, yenye mstari mweupe mgongoni, kama mtu ameuvuta kwa ukucha.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye gunia."

"Gunia gani?"

Nikamwonyesha lile la mlangoni. Akasimama, akaingiza mkono ndani hadi kiwiko, akatoa konzi, akaitandaza kwenye kitenge. Akahesabu kwa macho rangi zake. Nyeusi yenye mstari ilikuwamo, tatu, nne. Akaweka moja kati ya meno, akaiuma taratibu. Jino likaacha alama.

"Hii haijakauka bado," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hii si ya mwaka jana. Imevunwa sasa sasa."

"Na hiyo inamaanisha nini, Mama?"

Akaketi tena. Akanieleza polepole, kama mtu anayeogopa kuangusha kitu. Kila nyumba ya milimani ina mchanganyiko wake wa maharagi, mama mkwe anampa mke wa mwanawe, na kila nyumba inajua wa kwake kama unavyojua sufuria yako kati ya sufuria za harusi. Ile nyeusi yenye mstari ilikuja na mama mkwe wake kutoka Kibua alipoolewa. Kilima kizima kiliikataa kwa sababu inachelewa kuiva na inakula kuni. Aliyeipanda kule ni mmoja tu.

"Wewe uliniambia shamba halijaguswa," nikasema.

"Shemeji njo alisema. Na mie niliamini."

Nikamgeukia mkubwa wa wachambuaji: gunia hili limeletwa na nani? Yeye anakumbuka kila mgongo uliopita mlango ule. "Ule mama mwembamba wa kikohozi," akasema, "anayepita njia za pembeni, asikutane na wenye bunduki. Analetaka kila siku ya soko, kidogo kidogo, anachukua chumvi na sabuni anarudi. Atakuja kesho kutwa."

Kesho kutwa ilikuwa Ijumaa. Mama alikuja depo asubuhi na mapema akaketi kwenye gunia lile, na hakuna aliyethubutu kumwambia aondoke ili lichambuliwe. Mbebaji akafika karibu na saa sita mchana, kamba kwenye kipaji cha uso, mzigo mgongoni, uso umeinama. Alipomwona Mama alishtuka hata kamba ikateleza.

"Maharagi haya ni ya nani?" Mama akamuuliza bila salamu.

Mbebaji akanitazama, akatazama mlango. "Ni ya mukongwe."

"Yule yangu?"

"Yule yako. Alienda mupaka katikati ya njia ya Kibua, akarudi. Alisema miguu yake haijui kulala kwa wengine. Akapanda na jembe ya mukono mufupi, kidogo kidogo, pale pasipoonekana toka njia. Mie namubebea tu, anatafuta chumvi."

"Na hakutuma salamu? Miezi yote hii?"

Mbebaji akakohoa, akacheka katikati ya kukohoa. "Nilimwambia nipeleke salamu. Akasema: situme salamu kwa watu waliobeba godoro wakaacha mbegu."

Mama akajifunika uso kwa kitenge. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, halafu alikuwa analia, halafu sikujua tena. "Kweli, tulibeba godoro," akasema ndani ya kitenge. "Shemeji alilibeba kichwani. Na mbegu zilibaki mu chungu."

Akatulia, akanigeukia. "Papa, huyu hawezi kuja mu mukutano. Akionekana, njia yake ya pembeni imekufa. Na mie nikisema peke yangu, watasema muke anatafuta maneno. Wewe njo unanunua. Utakuja na gunia, useme limetoka wapi?"

Nikasema nitaona. Mimi, mtu anayewaambia wengine waamue kabla mbegu haijapata joto la mkono, nikasema nitaona.

Jumamosi wachambuaji hawafanyi kazi alasiri. Nikafunga mlango nusu, nikaketi mwenyewe kwenye gunia na mbegu saba. Nilikuwa sijawahi kucheza mchezo wangu. Kamyo. Depo. Mke na watoto, niliwaweka katika mbegu moja, msimwambie. Kanisa. Jina langu. Afya. Na ya saba, kwa kuwa nilikuwa peke yangu, nikaipa jina lake la kweli: kusifiwa. Nikasema, kamyo imekwama, tupa moja. Nikaona ajabu jinsi mkono unavyokuwa mzito. Fromaji za mwenye ng'ombe zilikuwa ndani ya mbegu ya kamyo, na pia ndani ya mbegu ya depo, na hata ndani ya mbegu ya watoto. Nikajiuliza wale niliowatoa jasho juu ya gunia hili walifanyaje. Labda walitupa tu kwa sababu mimi nilikuwa nawatazama. Niliketi hadi mke wangu akaja kuuliza kama nimeibiwa. Sikutupa hata moja.

Jumapili, baada ya misa, familia ikaketi kwenye baraza ya nyumba iliyo nyuma ya parokia. Shemeji alikuwepo, mtu mrefu mwenye shati safi lililochakaa kola. Wazee wawili wa ukoo. Mama na watoto wake. Na mwenye ng'ombe kwenye kiti cha plastiki, miguu imenyooshwa. Aliponiona akatabasamu. Alidhani nimekuja kumsaidia.

Shemeji akaeleza vizuri, sitamsingizia. Alisema watoto hawali majani, kwamba ardhi isiyolimwa ni picha tu, kwamba yeye mwenyewe anaumia. Mzee mmoja akamuuliza Mama: ndiyo ao hapana?

"Hapana," Mama akasema. "Na Papa huyu iko na neno."

Wote wakanigeukia. Shemeji akaangalia mfuko niliokuwa nao mkononi. "Papa wa depo, umekuja kutuuzisha maharagi mu mukutano?"

Watu wakacheka. Ningeweza kucheka nao, kisha niseme sina neno, nimekuja kusalimu. Lilikuwa mlangoni mwa kinywa. Ninachokumbuka si ushujaa. Ninachokumbuka ni kwamba nilitaka sana kuona shemeji ataitambua mbegu ile ao hataitambua. Nikapindua mfuko, nikayamwaga maharagi kwenye benchi mbele yake.

"Haya yameingia depo yangu juma hili," nikasema. "Hayajachambuliwa. Angalia mwenyewe."

Aliangalia kama mtu anayefanya upendeleo. Halafu mkono wake ukaenda peke yake, ukachukua nyeusi yenye mstari. Hakuiuma. Aliinusa.

"Hii iko ya Mama," akasema. Akainua macho. "Hii iko ya Mama yetu. Iko wapi?"

"Iko kwenye shamba unalouza."

Nikamwambia yote, isipokuwa jina la mbebaji na njia yake. Nilipofika kwenye neno la godoro, mtu yule mrefu akavua kofia akaziba nayo uso, mabega yakawa yanatikisika. "Njo yeye," tukasikia ndani ya kofia. "Njo yeye kabisa. Hakuna mwingine anaweza kusema vile."

Wazee hawakuhitaji kuuliza tena. Mwenye ng'ombe akasimama, akasalimia kila mmoja kwa mkono, ana adabu yake. Alipofika kwangu akasema kwa sauti ya chini, "Jumanne usisumbuke na fromaji. Nitatafuta gari ingine." Akaipata. Hadi leo fromaji zake zinapita mbele ya depo yangu juu ya kamyo ya mtu mwingine, na dereva ananipigia honi.

Juma lililofuata niliwabeba Mama na shemeji yake hadi barabara inapoishia. Niliwabeba bure, na nataka ijulikane. Walikuwa na chumvi, sabuni, jembe jipya, na godoro. Shemeji alilibeba kichwani kupanda kilima, safari hii kumpelekea mkongwe mwenyewe. Mimi sikuwa na kazi kule juu, lakini nilipanda nao, kwa kuwa nisingeweza kulala bila kumwona mtu huyo.

Alikuwa mdogo kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Alitazama godoro, akasema liwekwe mbali na mbegu, lisilete kunguni. Akamshika mwanawe sikio, akalivuta, hakuliachia haraka. Kisha akanitazama mimi.

"Na huyu?"

"Huyu njo ananunua maharagi yako, Mama. Anawasaidia watu kujua moyo wao." Shemeji njo alijibu.

"Njo ule anayeyatenganisha?" Akanipa kiti cha mti. Nikamweleza mchezo wangu, mbegu saba, kamyo, Hoteli ya Kibua. Alisikiliza kwa makini sana, mdomo wazi kidogo, akauliza maswali mazuri kuliko mwalimu wa session. Mwisho akauliza, "Na wewe ulibaki na ipi?"

Nikainama kufunga kamba za viatu. Akasubiri, halafu akanipa muhogo wa kuchoma.

Tangu hapo sitoi tena amri ya kutupa. Nampa mtu mbegu, namwambia anieleze kila moja inamsaidia wakati gani, wa mvua ao wa jua. Inachukua muda mrefu zaidi, na watu wanaondoka wakiwa na saba zote, lakini wakizishika vingine. Kama ni bora, sijui. Bado nachunguza.

Vita ilirudi kwenye kilima kile, kama nilivyosema ilivyo desturi yake. Ilikuwa mavuno ya pili baada ya mkutano. Nilikuwa mlangoni nilipowaona wakishuka na watu wengine kwenye barabara ya Kitshanga. Mkongwe alikuwa mbele, kamba kwenye kipaji, mfuko wa mbegu mgongoni, hataki mtu amguse. Mama na watoto nyuma yake, kila mtoto na kifuko chake. Shemeji mwisho, na chungu mikononi. Godoro halikuwepo.

Mkongwe akasimama mbele yangu. "Mutenganishaji, kona iko?"

Nikawapa kona kavu kuliko zote ndani ya depo, mbali na mlango na mbali na kuku. Nikachukua kipande cha mkaa, nikaandika juu ukutani kwa herufi kubwa: USICHAMBUE. Mkubwa wa wachambuaji akasema kwamba nimeigeuza S. Nikamwambia aiache ilivyo. Mifuko ilikaa hapo hadi mvua zilipokaribia na njia ikafunguka; wakaihesabu, wakakuta yote iko, wakapanda nayo juu.